"Nane" si "nain": uzoefu wangu wa kutumia TalkBack kwa Kiswahili

Mteja wangu wa Pangani aliniandikia anataka doti nane za khanga. Simu ikanisomea ujumbe, mimi nikasikia "nain". Nikafunga doti tisa, nikampa kondakta wa basi, na jioni mteja akapiga kuuliza ile doti ya ziada imeingiaje. Hesabu yangu ilikuwa sawa. Simu ndiyo iliyokuwa ikisoma Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza, na neno "nane" likisomwa kizungu linatoka karibu sawa na tisa yao.

Naanza na kisa hiki kwa sababu nawajua watu kadhaa waliopoteza kuona ukubwani, kama mimi, wakawashiwa TalkBack, kisoma skrini kinachotamka yaliyo kwenye simu, na ndani ya wiki moja wakakizima wakisema hakieleweki. Dada yangu akiniandikia "pole", nilisomewa nguzo ya Kiingereza. "Nitume kesho" ilikuwa kelele tupu. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna sauti ya Kiswahili, na kwamba ni ya bure.

Nauza khanga Ngamiani, hapa Tanga. Presha ya macho ilinianzia pembeni, nikawa nagonga miimo ya milango na kumwaga chai za watu, na nilipofika kwa daktari mshipa wa jicho ulikuwa umeshaharibika. Dawa ya matone hulinda kilichobaki, haikirudishi kilichokwenda. Sasa natambua dirisha liko wapi mchana, basi.

TalkBack haiuzwi. Ni ya Google, na simu nyingi za Android huja nayo. Yangu ni simu ya kawaida ya shilingi 350,000. Unaiwasha ndani ya mipangilio, sehemu ya ufikivu, na hapo mara ya kwanza omba msaada wa mtu anayeona. Ukishawasha na kukubali njia ya mkato, unabonyeza vitufe vyote viwili vya sauti kwa pamoja kwa sekunde 3, inawaka au inazima. Kidole kimoja kikiteleza kulia, unakwenda kwenye kitu kinachofuata, kikiteleza kushoto unarudi. Kugusa mara mbili ndiko kufungua. Kusogeza ukurasa ni vidole viwili. Simu ikiita, gusa mara mbili kwa vidole viwili, umepokea. Hilo la mwisho ndilo lililonirudisha kazini, maana kabla ya hapo nilikuwa nampa simu kila apitaye dukani anipokelee, na wateja wangu wakawa wanazungumza na watu wasiowajua.

Siku kumi za mwanzo ni ngumu, sitawaficha. Mkono unachoka, simu inasema mambo usiyoyataka, unagusa hiki inafunguka kile. Mwalimu mmoja asiyeona ndiye aliyenikalisha chini. Alianza kwa kuniwekea sauti.

Ingia sehemu ya kubadili maandishi kuwa usemi, chagua injini ya sauti ya Google, kisha pakua sauti ya Kiswahili ukiwa na bando la kutosha. Ikishashuka inafanya kazi hata bila intaneti. Ipo na injini nyingine, eSpeak NG, nayo ya bure. Hii ni nyepesi sana, haisumbui simu ndogo, ila sauti yake ni ya mashine, kavu. Usiikimbie kwa hilo. Masikio yakishaizoea unaipandisha kasi mpaka aliye karibu nawe haambulii neno, na wewe unaelewa kila kitu. Mimi ujumbe wa wateja nausikiliza kwa sauti ya Google. Nikipitia orodha ndefu ya namba za simu, nahamia eSpeak NG.

Badili pia lugha ya simu nzima iwe Kiswahili. Usipofanya hivyo, majina ya vitufe yatabaki kwa Kiingereza huku sauti ni ya Kiswahili, na utasomewa "se-ti-ngi-si". Ujumbe wa Kiingereza ukija, gusa skrini kwa vidole vitatu, menyu ya TalkBack itafunguka, chagua lugha ya kusomea. Saa nayo uizoee: simu ikisema 13:20, ondoa sita, ni saa saba na dakika 20 mchana.

Kuandika siandiki. Naongea. Kibodi ya Google inaandika Kiswahili unachokitamka tangu mwaka 2017, kwa matamshi ya Tanzania na ya Kenya, na mimi na lafudhi yangu ya Kitanga inanishika vizuri nikiwa mahali tulivu. Sokoni saa nne asubuhi, hapana.

Sasa pesa. Hapa ndipo ninapokuwa mkali, kwa sababu hapa ndipo tunapoibiwa. Menyu ya kutuma pesa ninayotumia, ile ya kubonyeza nyota na namba, hujifunga yenyewe ukichelewa, na anayesomewa kwa sauti huchelewa siku zote. Nilikuwa nakatwa njiani mara tatu kabla ya kufanikiwa. Dawa yake ni mbili: kariri namba za menyu ili usisubiri isomwe yote, na pandisha kasi ya sauti kabla ya kuanza. Kibaya zaidi, kisanduku cha namba ya siri kwenye menyu hiyo kwenye simu yangu ni kisanduku cha kawaida, kwa hiyo simu inatamka kila tarakimu unayoweka. Vaa spika za masikioni. Usiweke namba ya siri bila kuzivaa, hata ukiwa na mwanao. Na kwenye menyu ya TalkBack kuna pa kuficha skrini, kioo kinakuwa cheusi wakati wewe unaendelea na kazi, aliyesimama mgongoni kwako haoni salio.

Programu ya benki moja nilijaribu nikakuta vitufe saba havina majina, TalkBack inasema "kitufe" tu. TalkBack inakuruhusu kuvipa majina mwenyewe. Nilikaa na mpwa wangu jioni moja, yeye anataja picha iliyopo, mimi natamka jina. Ilikuwa kazi ya mtengenezaji wa programu kufanya hivyo, si yangu.

Noti je? Programu moja ya kutambua fedha niliyoipakua haikuijua shilingi yetu, nikaifuta. Nimerudi kwenye mikunjo: buku, yaani elfu moja, haikunjwi, elfu mbili naikunja kati kwa upana, elfu tano kwa urefu, msimbazi, yaani elfu kumi, naukunja mara mbili. Noti zetu hupishana ukubwa kidogo, kubwa kwa thamani ni kubwa kwa kipimo, kwa hiyo naweka pamoja mbili kupima kabla ya kukunja. Anayenipa chenji namwomba ataje noti mojamoja.

Ninachokipenda kuliko vyote nimekiweka huku mwisho. Anayeuza khanga anauza jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Pindo zuri na mji mzuri, ile sehemu ya kati, vinamvuta mtu asimame, lakini anayelipa analipia maneno, kwa sababu anajua anamvalia nani. Nilipoacha kuona nikawa nauza nguo tupu. Mteja akiuliza "hii inasemaje, mama?", namrudishia asome mwenyewe.

Sasa natumia Lookout, programu ya kusoma maandishi kwa kamera, nayo ya Google na ya bure, upande wa hati. Tandika khanga juu ya meza, inyooshe kwa viganja hadi isiwe na kunyanzi. Tafuta kati ya mji, shuka hadi karibu na pindo la chini, jina liko hapo. Inua simu kiasi cha kiwiko mpaka kiganja, piga picha karibu na mlango penye mwanga. Maandishi yanatokea kwenye skrini, TalkBack inayasoma kwa sauti ileile ya Kiswahili. Herufi zikiwa zimepambwa sana inakosea moja mbili, unajaza mwenyewe kwa kuwa misemo tunaijua. Kwa sauti ya Kiingereza kazi hii isingewezekana kabisa. Jaribuni kumsikia Mwingereza akisoma "Mdhaniaye ndiye kumbe siye".

Rangi nauliza Be My Eyes. Huduma hiyo ilianzishwa Denmark na Hans Jørgen Wiberg, mwenyewe haoni vizuri, ikaanza 2015, na kwenye Android ikafika 2017. Unapiga simu ya video, mtu wa kujitolea anakutazamia. Mimi nimechagua Kiingereza na wananijibu haraka. Mama mmoja aliniambia mji ni wa rangi ya maboga yaliyoiva na pindo ni jeusi, kisha akaniomba nimtafsirie maneno. Inakula bando, na namba ya siri au kadi ya benki isionekane kwenye kamera hata kwa bahati mbaya.

TalkBack yenye sauti ya Kiswahili naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imebaki kwenye zile menyu za pesa na vitufe visivyo na majina.

Juzi liliingia robota jipya kutoka Dar. Nilifunga mlango nusu, nikatandika moja baada ya nyingine mpaka adhuhuri, kila jina nikalisikia na kila fungu nikalipa mahali pake rafuni. Alasiri akaja mama wa bwana harusi, anataka "Wema hauozi", doti nne, za ndugu wa bibi harusi. Rafu ya pili, fungu la tatu kutoka kushoto. Nikamtolea.