Duka la dawa la Kibuye lililoichukulia kwikwi kwa uzito

Duka hili liko Kisumu, karibu na soko la Kibuye, kwenye barabara iendayo Kondele. Ninalisifu kwa sababu mfamasia wake alimsikiliza mjomba wangu, anayetibiwa saratani ya umio, alipolalamikia kwikwi ambayo wengine waliiona kuwa jambo la kupuuzwa.

Kila alipowekewa dripu ya sisplatini, dawa ya saratani, kwikwi ilimshika baadaye, ikamnyima usingizi na kumzuia kunywa hata uji, ambao tayari ulipita kooni kwa taabu. Kule alikotibiwa tuliambiwa itapita yenyewe, na maduka mengine yalituuzia dawa za kiungulia bila kuuliza lolote.

Mfamasia huyu aliomba kwanza karatasi ya matibabu, kisha akauliza kwikwi huanza lini, kama hukatika mgonjwa anapolala, na kama figo zake zimepimwa. Alitueleza kwa utulivu, akichanganya Kiswahili na Kijaluo ili mjomba afuate kila neno, kwamba kwikwi hutokea pale kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kinapojikaza ghafla, na kwamba sisplatini si mshukiwa pekee, kwa kuwa deksamethasoni, inayotolewa pamoja nayo ili kuzuia kutapika, huweza pia kuichochea, hasa kwa wanaume. Hakuna aliyekuwa ametuambia hivyo. Alisisitiza pia kwamba tusiiache deksamethasoni kwa uamuzi wetu wenyewe.

Nilichokithamini zaidi ni kile alichokataa kutuuzia. Nilipomwomba baklofeni, dawa ya kulegeza misuli ambayo jirani alikuwa ameitaja, alisema kwamba inahitaji agizo la daktari, na kwamba hutolewa mwilini kupitia figo, ambazo sisplatini huweza kuziumiza, hivyo inaweza kurundikana na kumvuruga mgonjwa akili. Klopromazini nayo, alisema, hutumiwa kwa kwikwi sugu, lakini huleta usingizi na kushusha shinikizo la damu, jambo la hatari kwa mzee aliyedhoofika. Badala ya kuuza chochote aliandika barua fupi kwa daktari, akimwomba afikirie kuweka prednisoloni, dawa ya jamii ileile, mahali pa deksamethasoni. Daktari alikubali, na baada ya dripu iliyofuata kwikwi ilikuja kidogo tu, mjomba alilala.

Kasoro ipo, nayo si ndogo: hakuna chumba cha faragha, kwa hiyo mgonjwa hueleza habari za mwili wake mbele ya foleni nzima, na hakuna benchi la kukalia. Mtu aliyetoka kwenye dripu hastahili kusimama hivyo. Ushauri haukutozwa chochote, na bei za dawa za kawaida hazikutofautiana na za maduka jirani.

Anayekwenda abebe karatasi ya matibabu na majibu ya vipimo vya figo, kwani mfamasia atayaulizia. Kwikwi ikiendelea zaidi ya saa 48, atawarudisha hospitalini moja kwa moja, kama alivyotuagiza sisi.