Karavani ya mtumba: tulinunua makochi, tukapewa na chuma

Tuliinunua kwa kubonyeza makochi. Mama Zuhura alifungua makabati, watoto wakaparamia vitanda vya juu, mimi nikawasha jiko nikazima, na bei ikakubaliwa: pauni 4,800 kwa karavani ya mwaka 2010, yaani kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari. Muuzaji akatukabidhi funguo na bahasha ya makaratasi. Mambo yote dakika ishirini, na nje hatukuzunguka hata mara moja.

Tunaishi Leicester, Uingereza, tumeshakwenda nayo safari tano. Anayetaka kununua leo nitamwambia aanzie mbele, kwenye ile fremu ya chuma. Pale pana kichwa kinachokamata mpira wa chuma ulio nyuma ya gari, hendibreki, gurudumu dogo la kuihamishia kwa mkono, na plagi ya pini 13 inayopeleka taa na umeme wa friji. Pana pia waya mwembamba ambao karibu niukate nikidhani umesahauliwa. Unafungwa kwenye gari: karavani ikichomoka njiani, waya huo ndio unaoivutia breki kabla ya kukatika wenyewe.

Kichwa cha yetu kina vibao ndani vinavyoubana mpira ili mkia usiyumbe. Sasa mimi nimekulia gereji ya baba mdogo, Tanga, na najua chuma kikisuguana na chuma hutiwa grisi. Nikaupaka mpira grisi ukang'aa. Kumbe kichwa cha aina hii kinataka mpira mkavu, hata rangi hakiitaki. Kama hiyo haitoshi, nyuma kabisa nilipakia mchele kilo 20, sufuria la shughuli na jiko la mkaa.

Tukashika barabara ya A47 kuelekea Norfolk, pwani ya mashariki. Karibu na Peterborough lori likatupita, na karavani ikaanza kutikisa mkia. Nikitazama kioo cha kulia naona ukuta mweupe, ukatoweka, mara uko kioo cha kushoto. Mama Zuhura akasema, "Baba Zuhura, taratibu," kwa ile sauti anayotumia mtoto akiwa juu ya mwembe. Mguu ulikuwa unatamani breki. Nikauzuia, nikaachia mafuta, nikashika usukani umenyooka mpaka ikatulia.

Tulipoegesha, tulipakua kila kitu. Mizigo mizito inakaa sakafuni, juu ya ekseli, ule mtaimbo wa magurudumu. Pua ya karavani nayo lazima ilalie gari kiasi. Wazoefu wanasema asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote. Yetu ikijaa ni kilo 1,300, kwa hiyo kati ya 65 na 91, ila gari letu linaruhusu 75 tu. Siku hizi napima kwa mzani wa bafuni na kipande cha mbao, majirani wananitazama. Vibao vilivyolowa grisi nilivitupa nikanunua vipya. Mwendo nao una sheria zake: maili 60 kwa saa kwenye motowei, zile barabara kuu za mwendo kasi, na barabara zilizotenganishwa katikati, 50 kwenye nyingi za kawaida. Na karavani ikiwa pana kuliko gari, vioo vya nyongeza si hiari.

Kwenye kiwanja cha karavani cha Cromer, mji wa pwani huko Norfolk, nikajifunza mengine. Ile miguu minne ya pembeni si jeki, kazi yake ni kuishikilia karavani isitikisike tu. Unaisawazisha kwanza kwa kupandisha gurudumu kwenye kabari, na mimi natumia pimamaji ya fundi mwashi. Ikilala upande, friji haipoi sawasawa, maana friji hizi hazina kompresa ya kusukuma kimiminika cha kupoza, kinateremka chenyewe. Umeme ulikuwa ampea 10, yaani kama wati 2,300, na birika tuliyotoka nayo nyumbani peke yake inakula 3,000. Giza. Mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hatukuamini kwamba ni birika.

Maji ndiyo sehemu ninayoipenda. Unajaza pipa la lita 40, unaliviringisha kwa mpini hadi mlangoni, unatumbukiza pampu, na bomba la jikoni linatoa maji. Choo kina kaseti, yaani tangi dogo la uchafu, unayoichomoa kwa kijimlango cha nje na kwenda kuimwaga mwenyewe. Hapo sina la kupamba.

Usiku wa pili, mwezi wa nne, umande ukaganda majanini. Asubuhi jiko likatoa moto mdogo, likazimika. Nilibadilisha regyuleta, nikatingisha mtungi, nikamlaani aliyetuuzia. Mzee wa karavani ya jirani akaja na kikombe chake, akaangalia mtungi wa bluu, akacheka. Ile ni butani, na baridi ikifika nyuzi sifuri inagoma kugeuka gesi. Propani, ya mtungi mwekundu, inahimili mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Akatuchemshia chai.

Lawama ya kweli kwa muuzaji ni unyevu. Pembe moja chini ya dirisha la mbele, ukibonyeza kwa kidole, ukuta unabonyea kama mkate. Alikuwa ameufunika kwa mto. Fundi alitutoza pauni 420, na angekuja na kipima unyevu kabla hatujalipa, tungepunguziwa zaidi ya hizo.

Je, ningenunua tena? Ndiyo, hii hii hata. Hoteli za pwani kwa watu watano nimeziona bei zake. Mwezi wa nane tunarudi Cromer kula kaa. Mtungi mwekundu upo, mpira naufuta kwa kitambaa kikavu kabla ya kufunga, na Mama Zuhura ameshaamua kwamba mchele utasafiri miguuni pake.