Nimebadilishiwa waya wa pasi kwa fundi wa mtaani, uzoefu wangu

Nianze na bei maana najua ndo mnayoitaka, 12,000, waya mzima mpya na ufundi humohumo, na kwangu imelipa. Pasi yenyewe ni ile nzito ya kizamani ya wati 1000, waya ulishachunika pale shingoni unapoingilia kwenye mpini mpaka shaba inachungulia, ukigeuza tu upige kola inazima inawaka yenyewe. Mafundi wengi hapo wanazungushia tepu nyeusi wanakudai buku mbili, huyu aligoma, akasema hapo ndo panapopinda kila siku, tepu inashika nje tu huku ndani nyuzi zinazidi kukatika, zikibaki chache umeme wote unapita hapohapo panachemka mpaka panaungua.

Kilichonikosha zaidi ni waya aliotumia. Sio ule mweupe wa ekstensheni, ni ule uliosukwa kwa kitambaa juu, kwa sababu wa plastiki ukigusa kitako cha pasi unayeyuka. Afu una nyaya tatu, kahawia laivu (unaoleta umeme), bluu nyutro (unaourudisha), kijani na njano ethi (unaopeleka ardhini umeme ukivuja). Wa zamani kumbe ulikuwa na nyaya mbili, plagi ina miguu mitatu ila ule mkubwa wa ethi haujaungwa na kitu chochote, ndo maana ukipiga pasi pekupeku ilikuwa inakutetemesha vidole jamani! Akaweka mita ya kupimia umeme, ncha moja mguu wa ethi nyingine kitakoni, ikalia pii, ndo akafunga skrubu. Wanaopima kabla ya kukukabidhi mzigo ni wachache sana. Na fyuzi ya kwenye plagi akatoa ya ampea 13 akaweka ya 5, maana wati 1000 kwa umeme wetu wa volti 230 ni ampea 4 na kitu tu.

Ubaya wake, aliniambia njoo jioni, jioni ikawa kesho. Pia ule mpira wa kulinda waya pale shingoni hakuwa nao wa saizi, kanirudishia wa zamani umechoka, ntautafuta mwenyewe Kariakoo. Nyota nne, hiyo moja nimekata kwa ajili ya mpira sio kwa kuchelewa, kuchelewa nimezoea. Ila mwenye pasi ya mvuke ya wati 2400 asiige fyuzi ya 5, hiyo inavuta zaidi ya ampea 10, itakata kila ukiwasha, bakini na 13 na muombe waya mnene wa milimita za mraba 1.5.