Tenki la mafuta linavuja na hela hakuna: ununue nini kwanza ukiwa Kigoma

Wakuu, kabla hujasema "aah inavuja kidogo tu" piga hesabu hii. Matone kama 20 ni mililita moja, kwa hiyo gari inayodondosha tone moja kila sekunde inamwaga lita 4 na ushei kwa siku. Hata ikiwa ni tone moja kila baada ya sekunde tano, bado karibu lita nzima inaishia kwenye vumbi kila siku. Na petroli ya Kigoma sio ya Dar, imebebwa zaidi ya kilomita elfu moja mpaka kufika huku, ile Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA (wale wadhibiti wa nishati na maji) wakitoa bei kikomo, wenyewe mnajua mstari wa Kigoma unavyosomeka. Yaani ukiahirisha matengenezo wiki kadhaa hela ya matengenezo ushaimwaga chini, na hapo sijagusa habari ya moto.

Sasa huu mwongozo nimeupanga kwa mtu mwenye hela ya mawazo, mwenye Noah ya abiria, Probox, au kipikapu cha kubebea mzigo. Tenki jipya kabisa la kuagiza siliweki humu, kama unaliweza we nenda kaagize.

Kwanza hakikisha ni tenki kweli. Hapa ndo watu wengi wanaliwa. Gari inanuka petroli, fundi anainama sekunde mbili, "Bosi, tenki limekufa hilo," na wewe unaanza kutafuta tenki, kumbe ni mpira. Fanya hivi: paki gari sehemu ya wazi yenye upepo, mbali na jiko la mama lishe (mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini chini mpaka ukutane na mkaa wa mtu), subiri ekzosi ipoe, futa chini ya tenki kwa kitambaa mpaka pakauke. Halafu chukua chaki ya darasani uparuze kwenye mishono, kuzunguka mikanda inayoshika tenki, na kwenye maungio ya mipira. Baada ya muda chaki iliyokauka inabaki nyeupe, ile iliyolowa inageuka rangi na utaona mstari umetokea wapi. Usiangalie tone linapodondokea, petroli inatembea kwenye bati na kudondoka sehemu nyingine kabisa.

Pia sikiliza gari inavuja lini. Ikivuja ukijaza fuli tu halafu inaacha, tatizo liko juu: mpira wa shingo ya kujazia, mpira wa kupumulia, au oringi ya pampu (ile pete ya mpira inayoziba mdomo wa pampu). Ikivuja injini ikiwa inaunguruma tu, ni mpira unaopeleka mafuta mbele. Ikivuja muda wote hata gari imezimwa na mafuta ni robo, hapo ndo tenki lenyewe, chini. Na chukua kisumaku hata cha spika mbovu ujue tenki ni la bati au plastiki, manake dawa zake haziingiliani.

Haya, mpangilio wangu huu hapa.

Namba 1: mpira, klempu na oringi

Kama chaki imekuonyesha mpira, shukuru. Ni matengenezo ya bei chee kuliko yote na yanadumu miaka. Ila hapa kwenye kununua kuwa makini. Kwenye maduka mengi utapewa ule mpira mwangavu wa kuchotea maji, usichukue, petroli inaukausha unakuwa mgumu na kupasuka. Na mpira wa gari ya kabureta sio wa gari ya EFI (zile za injekta), kwenye EFI pampu inasukuma mafuta kwa presha ya karibu ba 3, mpira laini unavimba na kuchomoka. Soma maandishi ubavuni mwa mpira, wa EFI unaandikwa SAE J30R9, ule wa R6 au R7 ni wa presha ndogo, unafaa kwenye njia ya kurudishia ya gari za zamani na kwenye kabureta. Hauna maandishi? Rudisha kwenye ndoano yake. Klempu nunua zile za EFI zinazobana mviringo mzima, zile za meno yaliyotobolewa zinakata mpira taratibu. Oringi ya pampu usirudishie ya zamani hata ikionekana nzima, ikishakaa kwenye petroli miaka inavimba haikai tena vizuri, na watu wakiona inavuja wanaipaka silikoni ya gasketi, ambayo petroli inaila.

Namba 2: fundi rejeta, azibe kwa risasi

Hii wengi hawaifikirii. Tenki la bati lenye kitundu cha sindano au mshono ulioachia kidogo, usipeleke kwa fundi wa kuchomelea mageti, peleka kwa mzee anayeziba rejeta. Pale Mwanga ukiuliza utaelekezwa. Kuna raha yake kumwangalia anavyofanya: bati limesuguliwa msasa mpaka linang'aa, anapaka dawa, chuma chake cha shaba kiko kwenye mkaa kule pembeni, anakuja nacho anakigusisha kwenye dawa, psss, kinafuka, halafu risasi inalala kwenye bati na kujipenyeza yenyewe kwenye ufa. Kitundu kikizidi ncha ya kalamu anaweka kwanza kiraka cha bati au shaba.

Kwa nini naipenda: risasi ya kuzibia inaanza kuyeyuka kabla ya nyuzi 200, wakati kuchomelea umeme lazima uyeyushe chuma chenyewe ambacho kinataka kama nyuzi 1,500. Bati la tenki ni jembamba, moto ule unatoboa matundu mengine pembeni. Risasi haikwangui wala haikunji kitu. Masharti ni mawili, tenki lishushwe lisafishwe kabisa (nitaeleza kwenye namba 6, usafi ni ule ule), na jiko la mkaa likae mbali na tenki, chuma ndo kifuate tenki. Na ukigonga na ukaona bati linabonyea kwa kidole, risasi haina cha kushika, nenda namba 3.

Namba 3: tenki la used

Kama kutu imetokea ndani, au mikanda imekula bati pande zote, acha kuziba. Utaziba leo, wiki ijayo pembeni. Gari za huku zinakufa hivyo hasa zinazobeba chumvi ya Uvinza na dagaa wabichi wa Kibirizi, maji ya chumvi na ya samaki yanapenya kwenye bodi, yanakaa kati ya mkanda na tenki pamoja na tope, na pale hapakauki hata kiangazi. Tenki la namna hiyo tatizo sio tundu moja.

Shida ni kulipata. Anzia hapa hapa kwenye magari yaliyouawa kwa ajali au yaliyokatwa, kabla hujapiga simu Dar. Ukiagiza Dar mwambie muuzaji modeli kamili na namba ya chesisi, usiseme "tenki la Noah" tu, maana ya kuvuta magurudumu manne na ya mawili matenki yanatofautiana umbo, ya dizeli na petroli vilevile. Akutumie picha za WhatsApp za juu, chini, na mdomo wa pampu, na aseme wazi kama linakuja na pampu na geji au ni ganda tupu, hapo bei inatofautiana sana na ugomvi mwingi unaanzia hapo. Mwambie alioshe na kulikausha kabla ya kulipeleka kwenye basi, kifurushi kinachonuka petroli kondakta mwenye akili zake anakikataa, na yuko sahihi.

Likifika usilifunge hapo hapo. Litikise usikie kama kuna chenga za kutu, weka maji kidogo uligeuze pande zote uone kama linatoa jasho, halafu limwage na ulikaushe juani mpaka likauke kweli kweli, maji kwenye tenki ni balaa jingine. Wakati wa kufunga weka kipande cha mpira wa tyubu kati ya mkanda na bati. Kuna tenki la plastiki la modeli yako? Chukua hilo, halina kutu.

Na la plastiki likipasuka? Wengi wa humu mtakuja na gundi. Gundi haishiki kwenye ile plastiki, hata ukiipiga msasa itabanduka. Kuna wanaoyeyusha plastiki kwa chuma cha moto, inaweza kushika upande wa juu, ila kwa chini mimi nakwambia tafuta used.

Namba 4: gundi ya chuma

Hizi za mirija miwili ya kuchanganya au ule udongo wa kufinyanga mkononi. Kwa bei haina mpinzani na ikifanywa sawasawa inaweza kukaa muda mrefu kwenye kitundu kidogo cha tenki la bati. Nimeishusha mpaka nne kwa sababu haifanywi sawasawa. Mtu anabandika huku petroli bado inatoka! Haishiki hiyo, hata iwe ya Marekani. Shusha mafuta mpaka yawe chini ya kitundu au toa yote, piga msasa kwa mkono mpaka chuma cheupe kionekane eneo la kama vidole vitatu kuzunguka, futa kwa thina, acha pakauke, ndo ubandike, na iache masaa 24 bila kuweka mafuta. Siku moja gari isimame. Dereva wa hesabu hawezi hilo, ndo maana gundi inaonekana mbovu. J-B Weld ya asili inasema yenyewe masaa 15 mpaka 24. Nunua iliyoandikwa kwamba inahimili petroli, na supagluu iache nyumbani kwa ajili ya viatu.

Namba 5: tenki la kutengenezewa

Fundi anakukunjia bati jipya. Kwa lori la zamani au trekta sawa. Kwa gari ya EFI mdomo wa pampu haukai sawa, na ndani huwa hawaweki zile kuta za kuzuia mafuta yasicheze, ukikata kona mafuta yakiwa kidogo gari inakata.

Namba 6: kuchomelea

Ya mwisho kwa makusudi. Watu wanadhani tenki tupu ni salama, ni kinyume chake. Petroli yenyewe haiwaki ikiwa kimiminika, unaowaka ni mvuke wake, na mvuke ukiwa asilimia 1.4 mpaka 7.6 ya hewa iliyomo unalipuka. Tenki lililojaa lina mvuke kidogo, lililomwagwa limejaa mvuke uliochanganyika na hewa. Petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Ujiji saa saba mchana. Dizeli ina nafuu ila ikipashwa na moto wa kuchomelea nayo inatoa mvuke, usidanganywe.

Kama huna njia nyingine, muulize fundi analisafishaje. Jibu unalotaka: pampu na geji zimetolewa, limeoshwa kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara kadhaa mpaka harufu iishe, limeachwa wazi, na wakati wa kuchomelea limejazwa maji mpaka karibu na tundu huku mdomo uko wazi. Akisema "nalipulizia moshi wa ekzosi tu, tunafanya kila siku", beba tenki lako. Na kama anataka kuchomelea likiwa chini ya gari, beba na gari.

Ukikwama njiani

Huko porini kuelekea Kalya jiwe likitoboa, sabuni ya mche bado ni mfalme. Ile ya mawese inayotengenezwa huku huku inafaa vizuri, ikande iwe laini, isukume kwenye tundu, funga kitambaa juu. Petroli haiyeyushi sabuni, maji ndo yanaiyeyusha, kwa hiyo mvua au dimbwi moja tu imekwisha. Ni ya kukufikisha mjini. Kufunga kidumu cha petroli karibu na injini na kuvutia mpira usithubutu, najua mnafanya.

Ukishamaliza matengenezo usikimbilie kujaza fuli. Weka robo kwanza, laza gari juu ya boksi la karatasi, asubuhi angalia kama kuna doa. Pakiwa pakavu jaza fuli, laza tena, manake mishono ya juu na oringi vinajaribiwa tenki likijaa tu. Na kama ndani kulikuwa na kutu badilisha filta baada ya wiki mbili tatu hivi, uchafu ulioamshwa utakuwa umeshafika huko.