ELM327 ya blututhi kwenye Legacy GT: mwisho wa kubahatisha joto la gia boksi

Wenye Subaru za turbo otomatiki, hii ni yenu. Nakitumia kile kidude cha OBD cha blututhi, ELM327, kile kinachochomekwa kwenye soketi ya kupimia gari na kutuma taarifa zake kwenye simu, kwenye Legacy GT BP5 yenye gia boksi ya spidi 5, nilikichukua Kariakoo kwa elfu 35, na kazi niliyokipa ni moja tu, kunisomea joto la oil ya gia boksi. Maana deshibodi ya hii gari ina geji ya maji ya injini, ila gia boksi imepewa taa tu iliyoandikwa AT OIL TEMP, na taa ikishawaka ujue oil imeshapata moto kupita kiasi. Nissan GT-R R35 tangu 2007 inakuonesha joto la gia boksi kwa namba kwenye skrini yake, sisi wa bajeti hii tunajitafutia.

Kabla hujatoa hela, jua kwamba app za OBD za kawaida zitakupa joto la maji, rpm (mizunguko ya injini kwa dakika), spidi, lakini joto la gia boksi kwa kawaida hazitoi, hilo kila kampuni inalificha kwa lugha yake. Kwa Subaru tafuta app inayosoma SSM, mfumo wa Subaru wenyewe, na kidude kiwe kinaweza kuongea na hizi gari za zamani kidogo, kuna kopi kibao mjini zimepunguzwa uwezo, kwenye gari mpya zinasoma fresh ukizichomeka kwenye BP5 kimya. iPhone pia mjiangalie, hii ya blututhi ya kawaida haishiki, mnahitaji ya wifi au ile ya blututhi ya LE.

Sasa kwenye matumizi. Sindano ya maji ikifika kati kila mtu anaona gari imeshapata moto, anakanyaga. Angalia namba: maji nyuzi 85, gia boksi ndo kwanza 45. Na hapo ni Dar, ukilala Mafinga kwenye baridi ya mwezi wa saba, asubuhi maji yako vizuri kabisa huku oil ya gia boksi iko thelathini na kitu, nzito, na gari yenyewe inajua, ndo maana inachelewa kuloki ile konveta (inayopitisha nguvu ya injini kwenda gia boksi kupitia oil, ikiloki inashika moja kwa moja bila kuteleza), utaona rpm ziko juu kidogo kwa spidi ile ile uliyoizoea halafu ikipata moto zinashuka zenyewe. Kuliacha linanguruma getini hakusaidii sana, kwenye P konveta inazunguka bila mzigo, oil haipati moto wa maana. Inayoipasha ni kuendesha, taratibu tu, rpm zisizidi 3000, mimi nasubiri isome 60 hivi ndo naiamsha turbo.

Mlima Kitonga, njia ya Iringa, ndo palinifanya nikipende hiki kidude. Kutoka Ruaha Mbuyuni tambarare nimetembea vizuri tu, gia boksi 88, imetulia, halafu tukaanza kupanda nyuma ya semi lililobeba makontena, spidi ya kutambaa, na namba ikaanza kupanda, 95, 101, 108, wakati sindano ya maji haijatikisika hata kidogo. Watu wanadhani gia boksi inachemka kwa kukimbiza, kumbe mwendo wa konokono mlimani ni mbaya zaidi, konveta haijaloki, inasugua oil muda wote, na upepo wa kupoza mbele hakuna. Ilipogusa 112 nikahamisha lever nikaishika gia ya pili mwenyewe, nikaacha nafasi kubwa na semi ili nisiwe nakanyaga na kuachia, ikagoma kupanda zaidi, na baada ya Ilula ikarudi kwenye tisini bila shida. Mpaka wangu ni huu, 80 hadi 95 sina neno, ikipita 110 napunguza, 120 napaki, na ukipaki usizime injini, weka P iache ingurume bila kukanyaga mafuta, pampu ya gia boksi inazungushwa na injini, ukizima oil ya moto inabaki imetuama haiendi kupozwa. Halafu otomatiki nyingi kipoza oil kimo ndani ya rejeta, kwa hiyo rejeta iliyoziba inaua gia boksi pia, fundi anayekuambia badilisha hydraulic (oil ya gia boksi) tu bila kugusa rejeta mwulize maswali.

Kero zake zipo. Ukipiga stata inakata blututhi, unaunganisha upya. Taa yake ya bluu usiku inamulika miguuni mpaka niliibandika solotepu nyeusi. Inachomoza chini ya usukani, mwenye miguu mirefu ataipiga goti. Na ukiiacha imechomekwa wiki nzima gari imelala inanyonya betri.

Kuna jamaa wanakimbilia kufunga kipoza oil cha ziada kwa laki kadhaa bila hata kujua gia boksi zao zinafika ngapi. Pima kwanza. Yangu kwa safari za kawaida haihitaji, anayevuta trela au anayekwenda kwenye mashindano hiyo ni habari nyingine. Na dukani usikubali kufungiwa kwenye mfuko ukaondoka, nenda na gari, chomeka, fungua app, isome joto la gia boksi mbele ya muuzaji, asipotaka hamia duka la pili, vimejaa mtaa mzima.