Ekzosi isiyovuma: ipi ununue, ipi uiache dukani

Watu wengi wanaotaka kubadilisha ekzosi huchagua kwa kusikiliza gari likikanyagwa mafuta mpaka mwisho. Hapo hakuna ekzosi mbaya, zote ni tamu. Shida inaanza ukiwa barabara kuu, mguu umetulia, spidi haipandi wala haishuki, mara ndani ya gari kunajaa mvumo mzito usiokata. Unausikia kifuani kabla hujausikia masikioni. Kioo cha kutazamia nyuma kinatetemeka mpaka taa za gari linalokufuata zinaonekana pacha, na aliyekaa siti ya nyuma anaacha kuongea kwa sababu amechoka kupaza sauti. Ongeza spidi kidogo, mvumo unapotea. Rudi pale pale, nao huyo.

Kwa hiyo usichanganye kelele na mvumo. Ziko ekzosi zenye kelele nyingi ambazo hazivumi, na ziko za upole zinazokutesa kwenye spidi moja tu, na bahati mbaya ndiyo spidi unayoendeshea kila siku. Mwongozo huu ni wa mtu anayeliishi gari lake: kazini, safari, watoto nyuma. Wa mashindano ana vipaumbele vyake.

Hesabu ya kufanya kabla ya kufungua pochi

Kila silinda inapowasha, inasukuma pigo moja la shinikizo kwenye bomba. Kwenye injini ya kawaida, silinda huwasha mara moja kila mizunguko miwili. Hivyo chukua mizunguko ya injini kwa dakika, zidisha kwa idadi ya silinda, gawanya kwa 120. Jibu ni idadi ya mapigo kwa sekunde, yaani Hz. Injini ya silinda nne ikiwa kwenye mizunguko 2000 inatoa kama Hz 67. Ya silinda sita kwenye mizunguko hiyo hiyo inatoa Hz 100. Ya silinda nane kwenye 1800 inatoa Hz 120.

Sasa geukia kabini. Hewa iliyofungiwa ndani nayo ina sauti zake inazozipenda, na zinategemea ukubwa wa chumba. Kabini yenye urefu wa mita 2.5 hivi inaitikia vizuri sana wimbi la karibu Hz 68. Linganisha na hesabu ya silinda nne hapo juu utaona kwa nini magari madogo yanavuma sana mizunguko ikiwa karibu 2000. Mapigo ya ekzosi yamekutana na chumba kinachoyapokea, na chumba kinayakuza. Pia ndiyo sababu dereva na abiria wa nyuma hubishana: shinikizo la wimbi hilo ni kubwa kwenye ncha za kabini na dogo katikati, basi anayekaa nyuma kabisa ndiye anayeumia.

Umbo la gari nalo lina sehemu yake. Gari lenye buti lililotengwa na siti lina ukuta wa kusaidia. Gari ambalo buti na kabini ni chumba kimoja, pamoja na magari mengi ya familia yenye mgongo mrefu, halina ukuta huo, na sailensa ya nyuma iko chini ya sakafu ya chumba hicho hicho. Kama lako ni la aina hii, pandisha viwango vyako vya uchaguzi.

Zoezi lenyewe ni dogo. Endesha gari likiwa na ekzosi ya kiwandani, tazama dashibodi, andika mizunguko kwenye spidi unazozitumia zaidi, tuseme 80, 100 na 120. Andika pia mizunguko unapopanda kilima kirefu kwa gia kubwa, maana injini ikibebeshwa mzigo huku mizunguko iko chini ndipo mapigo yanakuwa mazito. Namba hizo ndizo za kwenda nazo dukani. Muuzaji akisema ekzosi yake haivumi, muulize: kwenye mizunguko mingapi?

Namba ya desibeli kwenye boksi isikuzuzue

Vipimo vingi vya kelele za magari hutolewa kwa kipimo kinachoitwa dB(A), ambacho kimetengenezwa kufuata sikio la binadamu linaposikia sauti ndogo, zisizo na nguvu. Kipimo hicho kinapunguza sauti ya Hz 100 kwa karibu desibeli 19, na ya Hz 63 kwa karibu desibeli 26. Yaani eneo lile lile la mvumo ndilo linalofichwa. Ekzosi inaweza kufaulu kipimo cha kisheria ikiwa gari limesimama, maikrofoni ikiwekwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba kwa pembe ya nyuzi 45, na bado ikakutoa roho kwenye barabara kuu. Kipimo hicho hata hakifanywi kwenye mizunguko unayosafiria.

Programu za simu za kupima sauti nyingi zina chaguo la C karibu na A; C haipunguzi sana sauti nzito kama A. Kaa ndani ya gari linalotembea kwa spidi moja, mwache abiria ashike simu, asome zote mbili. C ikiizidi A kwa desibeli nyingi sana, una sauti nzito nyingi ndani ya kabini. Simu si kifaa cha maabara, lakini kwa kulinganisha ekzosi mbili kwenye gari moja inatosha.

Video za mtandaoni zina udhaifu wa namna hiyo hiyo. Nyingi zimerekodiwa nje, nyuma ya bampa, gari likiwa limesimama, na simu yenyewe inakata sauti nzito na kusawazisha kelele. Tafuta iliyorekodiwa ndani, dashibodi ikionekana, spidi haibadiliki. Ukiipata, na gari ni la modeli yako na injini yako, hiyo moja inazishinda ishirini za nje.

Nafasi ya kwanza: mfumo uliopimiwa gari lako, wenye bomba la pembeni au chumba cha kuua mvumo

Hii ndiyo ningenunua bila kusita. Mtengenezaji amechukua modeli husika, ametafuta mizunguko inayovuma, kisha ameongeza tawi la bomba lililozibwa mwisho. Wimbi linaingia kwenye tawi, linagonga mwisho, linarudi likiwa limechelewa nusu ya mzunguko wake, na linalifuta linalokuja. Corsa wa Marekani wamejijengea jina kwa kufutisha sauti kwa sauti namna hii ndani ya sailensa zao. Wengine wanaliacha tawi lionekane chini ya gari, bomba lililopinda kama herufi J.

Uzuri wake ni kwamba moshi haupiti humo, kwa hiyo injini haibanwi. Ubaya wake ni kwamba linaua eneo dogo la mizunguko tu, ndiyo maana nasisitiza liwe limepimiwa gari lako.

Fundi mzuri wa kuchomelea anaweza pia kukuwekea tawi kwenye ekzosi uliyonayo, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Urefu wa tawi ni kasi ya sauti gawanya kwa mara nne ya Hz unayotaka kuua. Watu wanatumia kasi ya sauti kwenye hewa ya kawaida, mita 343 kwa sekunde, wanapata sentimita 86 kwa Hz 100. Lakini gesi ndani ya tawi ni ya moto. Ikiwa nyuzi 200 za Selsiasi, sauti inasafiri karibu mita 436 kwa sekunde, na urefu sahihi unakuwa mita 1.09. Lile tawi la sentimita 86 litaua Hz 127, ambayo kwa silinda sita ni mizunguko kama 2540. Mwenye gari anarudi gereji analalamika kuwa tawi halifanyi kazi, kumbe linafanya, ila mahali ambapo hakuna mvumo.

Kwa hiyo fundi akate bomba refu kuliko hesabu, alishikize kwa muda, mwende barabarani ekzosi ishike moto, kisha apunguze kidogo kidogo kabla ya kulichomelea moja kwa moja. Na mdomo wa tawi usiwe karibu na ncha ya nyuma ya bomba kuu, kwa sababu pale shinikizo la wimbi ni dogo na tawi halitapata cha kufuta.

Wenye silinda nne wajue kwamba kwa Hz 67 hesabu hiyo hiyo inadai tawi la mita 1.6 na zaidi. Chini ya gari dogo nafasi hiyo haipo. Hapo kinachofaa ni chumba cha pembeni chenye shingo nyembamba, kinachofanya kazi kama chupa inayolia ukipuliza mdomoni mwake: ujazo mkubwa na shingo ndogo vinatoa sauti nzito bila urefu. Kanuni yake ilielezwa na Mjerumani Hermann von Helmholtz katika karne ya 19, na viwanda vya magari vinaitumia mpaka leo kwenye ekzosi na kwenye njia za hewa.

Nafasi ya pili: ekzosi yenye vali

Vali ikifungwa, moshi unapita njia ndefu yenye vyumba. Ikifunguliwa, unapita moja kwa moja. Unasafiri kimya, unafungua ukitaka raha. Ingekuwa ya kwanza kama si mambo mawili: bei iko juu siku zote, na vali ni chuma kinachozunguka kwenye joto, maji na masizi. Inashika. Ikishika ikiwa wazi, umerudi kwenye mvumo. Nunua yenye mota ya umeme au kifaa cha hewa kinachobadilishwa peke yake, na uliza kama vipuri vinauzwa. Usichanganye na vile vifuniko vya bei rahisi vinavyofungua bomba kabla ya sailensa. Hivyo huvuja, vinapiga kelele vikiwa vimefungwa, na nchi nyingi haziviruhusu barabarani.

Nafasi ya tatu: sailensa ndefu ya kupita moja kwa moja, resoneta ya kiwandani ikibaki

Kwa pesa ya kawaida, hili ndilo jibu la watu wengi. Ndani kuna bomba lenye matundu, limezungushiwa pamba ya kioo au ya mawe inayomeza sauti. MagnaFlow na Borla ni majina yanayojulikana kwa muundo huu. Pamba inameza vizuri sauti kali na kuzembea kwenye sauti nzito, isipokuwa iwe nene na mwili wa sailensa uwe mrefu. Kwa hiyo kati ya sailensa mbili za chapa moja chukua ndefu na nene kadiri nafasi inavyoruhusu, hata kama fupi inapendeza zaidi chini ya bampa.

Sharti langu ni moja: resoneta, yaani kile chombo cha kutuliza sauti kilichoko katikati ya bomba, isiguswe. Fundi atakwambia ukiitoa gari "linapumua". Linachopumua ni mvumo. Badilisha kipande cha nyuma tu kwanza, usikilize, ndipo ufikirie mengine. Jua pia kwamba pamba huisha. Miaka ikipita gari hupandisha sauti polepole na mwenyewe asigundue.

Kipenyo cha bomba nacho. Kutoka inchi 2.25 kwenda inchi 3 kwenye injini ndogo isiyo na tabo hakukupi nguvu ya kuhesabika, ila kunakupa sauti nzito zaidi. Usikubali kuuziwa bomba kubwa kwa sababu ndilo lililopo stoo.

Nafasi ya nne: sailensa ya vyumba

Hizi hazina pamba, zina kuta za chuma zinazorudisha mawimbi yagongane. Zinadumu, na mlio wake kwenye silinda nane una wapenzi wao sugu. Zile ndogo zenye vyumba viwili ndizo zenye sifa mbaya ya kuvuma kwenye mizunguko ya safari. Kama roho yako imeipenda, chukua yenye vyumba vingi na mwili mkubwa, na weka akiba ya tawi la pembeni.

Nafasi ya mwisho: kutoa sailensa, au kuweka kidude cha duara kisichozidi sentimita 30

Hapana.

Vitu vya kukagua hata ukinunua ya kwanza

Mvumo mwingine hausababishwi kabisa na ekzosi mpya. Raba za kuning'inizia zikiwa zimechoka, bomba likigusa fremu, au mauntini za injini zikiwa zimekufa, mtetemo unapanda moja kwa moja kwenye bodi. Raba ngumu za poliyuritheni zinapendwa kwa kudumu, lakini zinapitisha mtetemo kuliko raba laini za kawaida. Siku ya kufunga, mwambie fundi aache upenyo wa kidole pande zote, kisha akague tena ekzosi ikiwa ya moto, kwa sababu chuma hutanuka na bomba linasogea.

Zulia zito la kubandika sakafuni linapunguza mlio wa mabati, lakini mvumo wa Hz 67 linaupunguza kidogo sana. Wanaoliuza kama dawa ya ekzosi wanakuuzia uzito. Kabla ya kulipa, pata kwa maandishi kama duka linapokea ekzosi iliyokwisha kufungwa, maana nyingi zikishaungua kidogo na kubadilika rangi hazirudishwi, na mvumo huwezi kuujua mpaka umeifunga na kwenda nayo barabara kuu.