Django na gita za Ulaya: ununue mkusanyiko upi kwanza

Rekodi za mpiga gita wa jazi Django Reinhardt na kundi lake, Quintette du Hot Club de France, zimetolewa upya mara nyingi mno, nyimbo zilezile ndani ya majalada chungu nzima. Kwa hiyo kabla ya kutazama orodha ya nyimbo, tafuta nani alizinakili kutoka kwenye santuri za zamani na alizisafisha vipi. Santuri hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika, kila upande dakika tatu hivi, na mkwaruzo wa sindano hauondoki wote bila kuondoka na mlio wa nyuzi.

Hapa jambo hilo ni zito kuliko kwenye bendi nyingine, kwa sababu kundi hili halikuwa na ngoma. Mapigo yalitoka kwenye gita mbili za ridhimu, la Joseph Reinhardt na la Roger Chaput, pamoja na besi ya Louis Vola. Msafishaji akizidisha, lile pigo kavu la gita linageuka mvumo, na fidla ya Stéphane Grappelli inasikika kama imefunikwa blanketi. Mkwaruzo kidogo usikutishe. Kinachotakiwa kukutisha ni ukimya uliopitiliza kati ya nota na nota.

Nafasi ya kwanza naipa boksi la CD 5 la kampuni ya rekodi ya JSP, lile la rekodi za awali zilizopangwa kwa mfuatano wa tarehe. Aliyezinakili ni Ted Kendall, na sikio lake linaaminika: mkwaruzo ameupunguza, gita ameliacha na makali yake. Boksi linaanzia 1934, mwaka kundi lilipoanza kurekodi kwa kampuni ya Ultraphone jijini Paris, hadi 1939, vita vilipowakuta London. Django akarudi Ufaransa, Grappelli akabaki Uingereza. Ukisikiliza kwa mpangilio huo unasikia kundi likikomaa. Mwanzoni wanakimbia, kila mtu ana haraka. Kufikia "Minor Swing" ya Novemba 1937 wameshajua kuachiana nafasi, na solo la Django linapumua. Kumbuka pia kwamba moto wa 1928 ulimharibia vidole viwili vya mkono wa kushoto, hivyo mbio nyingi unazozisikia zinapigwa kwa vidole viwili tu. Mimi kila nikizisikiliza nasimama.

Upungufu wa boksi hilo ni mmoja: "Nuages" haimo. Wimbo huo ulirekodiwa 1940, wakati wa ukaliaji wa Wajerumani, fidla ikiwa imeondoka na klarineti imeshika nafasi yake.

Ya pili huenda ikawashangaza wengi, kwani si ya Django. Baada ya boksi la kwanza, kabla hujaongeza Django mwingine, nunua CD 2 za Oscar Alemán zilizotolewa na Acoustic Disc, za kuanzia 1938 hadi 1957. Alemán alikuwa Muajentina aliyefanya kazi Paris miaka ya 1930 katika bendi ya mwimbaji Josephine Baker. Django alitumia kipigio. Alemán alipiga kwa vidole, mara nyingi gita la chuma, na swingi yake ni nyepesi, ina ucheshi. Vipande vyake vya gita peke yake alivyorekodi Copenhagen mwaka 1938 vinatosha kuhalalisha bei. Amepuuzwa mno, na inaniuma.

Ya tatu ni mfululizo wa Django wa kampuni ya Frémeaux & Associés, juzuu 20, kila moja CD 2. Humo mna kila kitu, hata Django kijana akiwapigia banjo wapiga akodioni mwaka 1928. Kununua zote ni kwa mtafiti au mwenye mfuko mzito. Msikilizaji wa kawaida achukue juzuu ya 1940 tu, ajipatie "Nuages" kwa nakala nzuri.

Boksi la Mosaic la CD 6, lenye rekodi za Django kwa kampuni za Swing na HMV kuanzia 1936 hadi 1948, kwa sauti linashindana na JSP. Lakini lilitolewa kwa idadi maalumu na limekwisha, na wauzaji wa mitumba wanalipandishia bei. Ukilipata kwa bei ya haki, chukua. Kulikimbizia, hapana.

"Djangology" ya Roma, 1949, ni CD moja na si ghali. Django na Grappelli wamekutana tena, wakisindikizwa na Waitalia wenye piano, besi na ngoma. Wenyewe wawili wako vizuri sana, ila wasindikizaji hawachemki kama zile gita mbili za zamani. Usianzie hapo.

Mwenye hamu ya kwenda mbali zaidi amtafute mpiga gita Robert Normann wa Norwei, ambaye rekodi zake zimekusanywa na Hot Club Records ya Oslo. Anza na zile za kundi la String Swing.

Mikusanyiko ya bei ya chee isiyotaja tarehe ya kurekodi wala majina ya wapigaji, irudishe rafuni. Asiyejali kuandika nani anapiga besi hakujali pia santuri aliyonakili ilikuwa katika hali gani.